Betri ya Saa Sita

Onditi amepanga masanduku matatu juu ya kioo,
hapa Kibuye, ghorofani, juu ya duka la magodoro.
Nilimfundisha thuluthi na thumni, zikamliza;
leo ananipimia gigabaiti bila kubabaika.

"Mwalimu, hiki cheusi kimefungwa mtandao mmoja.
Ukifika Chennai, ukikilisha laini ya kule, kitaitema.
Hiki cheupe kinakula laini yoyote,
kinabeba watu kumi, betri mchana kutwa na usiku kucha.
Na hiki kidogo..."
akakisukuma kando kwa kidole,
kama anayetenga changarawe kwenye mchele wa Ahero,
"laini kinakubali, ila betri ni saa sita tu. Hakikufai."

Na simu yangu, nikauliza, haiwezi kusambaza yenyewe?
"Itachemka, izimike, Mwalimu.
Simu haiwezi kuwa mbuzi ikawa na kamba."

Watu kumi.
Nikawahesabu papo hapo, mkono mfukoni:
Awino wa Nakuru, aliaye kabla salamu hazijaisha;
Ochola, aliyelipa tiketi na sasa anadai risiti ya kila pumzi;
shemeji wa Bondo, ambaye dua yake ya sauti
haipungui dakika kumi na moja;
akina mama wa Jumatano;
jirani aliye na ufunguo wa banda la kuku.
Wote wamo katika kundi moja, jina lake Moyo wa Mama,
na picha yangu ya zamani, nilipokuwa na mashavu.

Daktari aliuchora moyo huo nyuma ya karatasi ya bili.
Kuna kilango hakizibi, alisema,
damu ikitoka inarudi
kama mtoto aliyesahau daftari.

Mipango imeshapita bila kura yangu:
simu isimamishwe kabatini, inielekee kitandani,
walale nami, waamke nami.
Saa za kule zimetutangulia mbili unusu.
Nitakuwa nimeshachomwa sindano ya pili
wao ndio kwanza wanapuliza chai.

Sikuwaambia ninachokikumbuka.
Baba yao alipolazwa, simu yake iliita siku tatu,
naye akaipokea kila ilipoita.
Nilikuwa nimemshika mkono, ule usio na simu.
Neno lake la mwisho lilikuwa "sijambo,"
akimwambia mtu wa Ugunja
ambaye mpaka leo sijamjua.
Halikuwa kweli neno lile,
wala halikuwa langu.

"Nipe kidogo."
"Mwalimu! Saa sita?"
"Saa sita ni nini ya siku, Onditi?"
Akatazama dari. Midomo ikachezacheza,
vidole vikahesabu chini ya meza, nikajifanya sioni.
Miaka ishirini na mitatu nimelingoja jibu hili.
"Robo, Mwalimu."
"Vizuri sana. Hiyo robo ni yao."

Asubuhi nitawasha.
Nitawaonyesha uji, kidonda, dirisha,
nitacheka Ochola akiniita mgonjwa wa kimataifa.
Kisha taa ya kijani itageuka nyekundu, nyekundu itapepesa,
nami sitasema uongo, sikuzoea;
nitasema betri inaisha
na itakuwa inaisha.
Robo tatu zilizobaki nitalala na kilango changu kipya,
nikisikiliza kama kinafunga.
Nikitaka kuogopa, nitaogopa,
bila mtu wa kuniuliza nimeogopa kiasi gani.

Nikalipa. Onditi akafunga sanduku kwa utepe,
akainama chini ya meza, akaibuka na pawabenki,
nzito kama tofali, "zawadi, Mwalimu,
usije ukatupotea hewani."
Nikamshukuru kwa mikono miwili.

Jioni nimempelekea jirani.
Nimemwambia ni ya taa ya vifaranga.