Tupu si Sifuri

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni,
ghorofa ya nne, nyuma ya Mnazi Mmoja.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi
na Dokta Nkwabi anaandika ubaoni:
MFUMO NI NINI?

Kompyuta, anasema Halfani wa bandarini.
Kompyuta na mtandao, anaongeza Eliaremisa wa benki.
Mimi, mtunza stoo wa kituo cha afya, Mbagala,
mwenye vumbi la maboksi kwenye mikono ya shati,
nanyamaza. Ada nimelipa nusu.
Aliyelipa nusu hungoja aulizwe.

"Mfumo ni watu kwanza. Kisha desturi zao.
Kisha data. Mashine huja mwisho,
kama mgeni rasmi, akakuta viti vimepangwa."
Tunaandika. Hata mgeni rasmi tunamwandika.

Anachora jedwali: dawa, tarehe, salio.
Kisanduku kimoja anakiacha wazi.
"Hapa pana ngapi?"
Sifuri! tunaitikia, watu wazima na mvi zetu.
"Sifuri ni jibu. Mtu alifungua kabati,
akahesabu, akakuta hamna.
Tupu maana yake kabati halikufunguliwa."

Hapo umeme ukakatika.

Sijui wenzangu gizani waliwaza nini.
Mimi niliwaza Aprili, wiki ile ya mvua
barabara ilipokuwa mto na mimi nimechelewa,
fomu inadaiwa wilayani kabla ya saa sita.
Mstari wa kumi na saba: sindano
za kumzuilia damu mzazi.
Nikauruka. Nitajaza kesho, nikasema.

Mwenye macho haambiwi tazama;
mashine huambiwa kila kitu.
Iliambiwa ipige kengele
salio likishuka chini ya ishirini.
Tupu haishuki.
Tupu haina pa kushukia.
Kengele ikakaa kimya, kwa utiifu kabisa,
na usiku wa Alhamisi Sista Zamaradi
akapanda bajaji hadi kituo cha jirani
kuazima sindano mbili, kama mtu aazimaye chumvi.

Mama yule alipona.
Najua kwa kuwa nilikwenda wodini kuuliza,
nikasimama mlangoni, kalamu sikioni.
Jambo hilo halina safu kwenye fomu.

Jenereta likakohoa, taa zikarudi,
kila mtu akapangusa uso wake.
"Kazi ya nyumbani," akasema Dokta,
"tofauti ya data na taarifa. Kurasa tano,
rejea zisizopungua nane."

Saba nitazitafuta maktaba.
Ya kwanza ninayo tayari:
kabati la tatu, kushoto,
lile ambalo mlango wake hukwama
mpaka uuvute kwa mikono miwili.