Mpaka wa Rangi

Felismina alinifungulia mlango na glavu za bustani mikononi.
Hakunisalimu. Aliuliza, "Umekuja na rangi gani?"
Nikampangia makopo sakafuni, akayanusa moja moja
kama achaguaye tikiti sokoni Grândola.

Chumba ni cha mwisho, upande usiopata jua,
na ukuta wake mmoja ni gome tupu la mwaloni,
gome lile lile wanalochongea vizibo vya chupa.
Marehemu Zulmiro alilibeba begani, kipande kwa kipande,
mabaki yaliyokataliwa kiwandani:
lenye ufa, lenye matundu, lenye vijia vya sisimizi.
Sasa mjukuu anakuja kutoka Lyon na kikohozi chake,
na mama mtu ameandika: chumba kiwe cheupe.

Nikalipapasa. Gome lina joto hata Januari,
joto la ubavu wa ng'ombe aliyelala.
Nikasema, bibi, rangi ya mafuta hapana.
Itakauka iwe kigae, na gome hupumua,
hufura kwa mvua, hunywea kwa jua,
kigae kitapasuka hata Pasaka haijafika.
Tuchukue ya maji, inayonyumbulika kama ngozi ya kiwiko,
isiyokaba koo la mtoto.

"Na hii inayong'aa?"
Hiyo nayo hapana. Ukuta una matundu,
mng'ao utayahesabu yote kwa sauti.

Nikaanza na msasa laini, kwa kiganja, si kwa bega.
Kisha kitambaa kilicholoweshwa kikakamuliwa, kufuta vumbi;
maji yakizidi, gome hugoma.
Kisha rangi ya kutangulizia, mkono wa kwanza:
saa nne nilipaka, saa sita ukuta ulikuwa mkavu, una kiu,
kana kwamba sikuwahi kufika.
"Linakunywa kumshinda Zulmiro," alisema nyuma yangu,
akacheka mara moja, akafunga kinywa.

Mkono wa pili nikautia kwa sponji,
nikigusa vilele tu, nikayaacha matundu yabaki matundu.
Anayetaka ukuta uliosawazika
aende akapake saruji.

Tuliposogeza kabati ndipo tukaiona: 4,
nyeupe iliyogeuka rangi ya jino,
kubwa kama sahani, miguu imeachana.

Akavua glavu.
Kila wakishauvua mti, alisema, Zulmiro alifuata na kopo,
akaandika juu ya shina, jekundu bado kama nyama,
tarakimu ya mwisho ya mwaka,
ili shoka lisiuguse mti ule mpaka miaka tisa ipite.
Hii ni nne ya sabini na nne.
Alikuwa amerudi Juni kutoka vita vya Mueda,
hakuwa akizungumza na mtu,
alikuwa akiandika nne, nne, nne, msitu mzima.
Gome jipya likaota chini ya rangi, likaisukuma nje,
mti ukanenepa, nne ikanenepa nao,
ikachanika, ikatanuka,
haikubanduka.

Nikainama na kurunzi. Miaka ishirini na sita nauza ushauri
wa rangi ipi hushika wapi.
Nikamwuliza, alitumia rangi gani?
"Nitajuaje? Ya shambani. Ila alipaka kidogo.
Kopo moja lilipaswa kutosha miti mia tatu."

Nikachana utepe wa gundi, nikaizungushia ile nne pande zote.
Mimi mpaka rangi, najua kazi ina mpaka.
Felismina akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja.
"Umepinda upande wa kushoto," akasema.
Nikaubandua, nikaanza upya.

Kesho nitatia mkono wa tatu, mwembamba kuliko yote.
Kopo bado nusu.
Bei hajaniuliza, nami sijaitaja.