Mitatu, si Tatu

Mimi ndiye niliyeipiga chapa.
Mashine ilikuwa ya chuma, nzito kama kreti ya soda,
herufi R imekatika mguu,
na nje ya dirisha la Ofisi ya Ardhi
ziwa lilikuwa jeupe kwa jua la saa nane.

Mpangishaji: Chama cha Ushirika cha wakulima wa pamba.
Mpangaji: Manispaa, maana Mwanza haikuwa Jiji bado.
Kiwanja namba kumi na nne, toka mawe ya juu hadi majini.
Matumizi: bustani ya watu wote.
Kodi: shilingi mia kwa mwaka, ikidaiwa.
Muda: miaka thelathini na tatu.

Bwana Mazigo akavaa miwani,
akachora duara jekundu.
"Mitatu, Mbuke. Mitatu, si tatu."
Nikapiga upya ukurasa mzima na nakala yake ya kaboni.
Tulisahihisha ngeli.
Muda hatukuugusa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja.
Thelathini na mitatu ilikuwa nchi ya mbali
wanakoishi watu wenye magoti mabovu.

Halafu tukaishi.
Kabula wangu alijifunza kutembea pale,
jiwe hadi jiwe, mikono juu kama mtu aliyekamatwa.
Kidato cha nne walikariri kemia kwa sauti.
Jumamosi mabibi harusi walipanga foleni
wapigwe picha na lile jiwe lililokaa juu ya jingine
kana kwamba limesahau kuanguka.
Nyamisi alipima karanga kwa kikopo cha nyanya.
Walinzi wa zamu ya usiku walilala mchana kweupe,
viatu chini ya kichwa,
na pimbi walitutazama sote
kama wenye nyumba wanavyotazama wageni waliozidisha siku.
Hakuna aliyemuuliza mwenzake: hapa ni pa nani?
Cha wote hakina wa kukihesabia siku.

Ushirika ulikufa taratibu:
kwanza mizani, kisha malori, kisha mishahara.
Mfilisi alipofungua kabati
akaikuta hati yangu, safi,
kila R ikichechemea.

Ijumaa palikuwa bustani.
Jumatatu, mabati ya bluu,
na X nyekundu kwenye jiwe,
BOMOA,
kana kwamba jiwe lilijengwa bila kibali.

Ukumbini diwani alisema sheria ni msumeno.
Nikangoja nione ukirudi upande wa pili.
Kijana wa kampuni alionyesha picha ukutani:
ghorofa tisa, bwawa la kuogelea
hatua ishirini toka ziwani.
Nyamisi akanyoosha mkono: "Na pimbi je?"
Watu wakacheka.
Kijana aliandika kitu kwenye daftari.
Sijui aliandika nini.

Jiwe walilitoboa, wakalijaza baruti, wakaghairi;
mhandisi aliogopa lile la juu.
Basi limebaki, ndani ya ukuta,
usiku wanalimulika kwa taa ya kijani
na limepewa jina la chumba cha chakula.

Wiki iliyopita nilisimama getini.
"Una miadi, mama?"
Nilimjua. Mmoja wa wale wa viatu chini ya kichwa.
Naye alinijua, nadhani; alitazama pembeni,
akanionyesha kwa kidole njia ya kurudi barabarani.

Nakala ya kaboni ninayo,
kwenye bahasha ya kaki, pamoja na cheti cha ubatizo cha Kabula.
Maandishi yamefifia, yana rangi ya maji ya asubuhi.
Jana niliitandaza mezani, nikachukua kalamu,
nikaiweka chini, nikaenda kuchemsha chai.
Baada ya neno mitatu pana nafasi,
upana wa vidole viwili hivi.
Ingetosha kuandika: na kuendelea.