Nyuma ya Stakabadhi za Sufu

Tiketi ninayo bado: safu ya sita, kiti cha kumi na mbili,
nyuma ya mtoto aliyekuwa akila bisi kama anayevunja kuni.
Nje, upepo wa Punta Arenas ulikuwa umewakaba watu ukosi;
bwana mmoja kaing'ang'ania kamba ya kando ya barabara,
kofia yake ikienda zake mlangobahari, bila kuaga.

Kaka yangu Nibaldo akaninong'oneza: "Wamebadilisha hata jina."
Nikamwambia nyamaza. Macho hayana pazia, yaache yaone.

Baba alikuwa mpima sufu. Mizani, marobota, chaki sikioni.
Riwaya yake yote aliiandika nyuma ya stakabadhi,
ndiyo maana nikiigeuza sura ya nne nakuta
kilo mia mbili na sita, daraja la pili, shamba la Oyarzo.
Miaka kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyeipiga taipu,
na herufi R ya mashine ile ilikuwa imekatika mguu,
kwa hiyo kila roketi ilipaa ikichechemea.

Kitabuni chombo kinakwenda taratibu.
Kurasa tisini halitokei lolote
ila mpishi, Anselmo, kumenya viazi,
ganda moja refu lisilokatika, na kuyahesabu,
kwa sababu huko hakuna asubuhi
na maganda ndiyo kalenda.
Nilikuwa nikipiga taipu huku nikisinzia. Nikasema, baba, punguza.
Akanijibu: mbali ni mbali, mwanangu. Msomaji naye achoke njiani.

Kwenye filamu viazi vilikaa sekunde mbili.
Nilihesabu. Kiazi kimoja, kisu, kisha mlipuko.
Wakaleta na dude, lina meno, lina mkia, lateleza kama ini bichi,
ambalo baba hakuliandika wala kuliota,
na ukumbi mzima ukaruka vitini, Nibaldo akiwemo,
Nibaldo aliyeapa mwezi mzima kwamba hatatia mguu.

Kitabuni Anselmo anatuma salamu nyumbani
na jibu linachukua miaka saba;
likifika, anayejibu ni mtoto aliyemwacha tumboni.
Kwenye filamu anabonyeza kitufe na mkewe anatokea
papo hapo, nywele zimetoka saluni.
Hapo nilitaka kuinuka. Nikajikaza kisabuni.

Lakini.
Kuna mahali, karibu na mwisho, dude limekwisha kufa,
mwanamke asiye na jina, asiyepewa neno hata moja,
anasuuza kikombe. Anakikung'uta mara tatu,
anakipindua juu ya kitambaa, anakigonga kidogo kitako
kama anayempigapiga mtoto apate kulala.

Mama alikuwa akifanya hivyo. Hivyo hivyo.

Kitabuni hakuna mama. Nakijua nje ndani,
hamna kivuli chake, hamna hata aproni.
Alizikwa Juni; Agosti baba akaanza sura ya kwanza
akajaza kurasa mia nne na kumi kwa nyota.
Wale watu wa Santiago hawakumjua.
Yule mwigizaji, sijui, labda aliuiga mkono wa bibi yake.
Labda aliambiwa tu: osha kitu chochote, kamera inapita.

Taa zikawaka. Jina la baba lilikuwa limepita mbio,
Evaristo kwa herufi ndogo, kati ya wakodisha magari
na mtu aliyetengeneza mvua.
"Kitabu ni bora," akasema Nibaldo. Nikasema ndiyo,
na tukaishika kamba, tukarudi nyumbani kinyumenyume,
migongo yetu ikiupasua upepo.

Usiku nikakifungua penye viazi.
Safari hii sikusinzia. Nilisoma ganda kwa ganda,
nikiutazama mkono ulioshika kisu,
kidole gumba kinavyotangulia, kinavyolipima ganda
lisikatike.

Baba, maisha yake yote, hakuwahi kumenya kiazi.