Utenzi wa Kumwacha Shujaa

Nisikizani, wenzangu,
niwapeni kisa changu
cha aliyekuwa wangu,
mruka bila ya mbawa.

Ni Zuena wa Langoni,
miwani iko usoni,
mchana niko kazini,
natunza duka la dawa.

Punda wawili wazito,
wamebebeshwa kokoto,
kichochoroni, kwa joto,
nikabanwa kama chawa.

Mara kukawa kivuli,
akawatwaa wawili
paani kwa Bafadhili;
bado hawajatolewa.

Kafunika uso wake,
ila ndara, ndara zake
zenye jina la mamake,
Lamu nzima wamjuwa.

Famau wa Mkomani,
fundi saa wa sokoni,
saa kumi mkononi,
walakini huchelewa.

Joho lake ni pazia
la nyanyake, kachukua,
na pete zaning'inia,
kwa mbali anasikiwa.

Tukaomba sharubati
ya ukwaju, na chapati;
akanivutia kiti,
nacho kikapaa hewa.

Hajaonja hata funda,
mtoto kalia Manda,
sikio likamdunda:
"Zuena, nahitajiwa!"

Alipita ukutani,
mlango wazi pembeni;
saruji hadi sahani,
ni mimi nikadaiwa.

Usiku wa mbaramwezi
kanibeba bila ngazi,
tukaipita minazi,
nikajihisi ni njiwa.

Nikaona paa zote,
paka walala popote,
hata wale punda wote,
wamekaa, wamekawa.

Nikinong'ona maneno,
"Huyo huhofu sindano,"
hutua na mabishano:
"Nani? Nimesingiziwa!"

Mama kachoka na paa:
mkwe kila akipaa
makuti hutapakaa,
tukabakiwa na hewa.

"Mwanangu, mume wa watu,
wa Pate, Siyu na kwetu,
kwako hatakuwa kitu
ila wa kusubiriwa."

Siku ya posa, wazee
wameketi, wangojee,
biriani isipoe;
Famau akachelewa.

Kiunga mbuzi kazama
kisimani, akakwama,
na posa ikasimama
kwa mbuzi kuokolewa.

Akarudi na mbuziye
begani amlazaye:
"Jina lako nimpeye,
Zuena, umesifiwa!"

Nikamtazama mbuzi:
ana ndevu, ana pozi.
Nikajua waziwazi,
mbele yake tuko sawa.

Nikasema, "Basi, tosha!
Na pete nairudisha.
Si chuki, ni kujichosha
kupenda wa kugawiwa."

Akakunja joho lake,
asijue chozi lake,
akisema peke yake,
kama mtu kapagawa:

"Zuena, kuna kilio
karibu na masikio.
Nani aliaye leo?
Nani wa kuokolewa?"

Nikampa kitambaa:
"Ni wewe unayelia.
Mpenzi, hebu tulia,
na hili halina dawa."

Tukakaa barazani
saa nzima. Majirani
wakanena, "Kuna nini?
Famau hajaitiwa?"

Huu ni mwezi wa tatu.
Alikuja juzi kwetu
dukani, kwa miguu tu,
anunue, si kupewa.

"Mgongo," kasema. "Punda
nimeshusha; wamewanda!
Bafadhili kawapenda,
anadai kufidiwa."

Nikampa vya kuchua,
chenji akaichukua,
nikamwambia, "Najua,
sindano ungepagawa."

Akacheka. Huko mbali
kukatoka yowe kali;
kauliza, "Ni halali
dakika nikachelewa?"

Nikasema, "Nenda. Ila
mlangoni, kwa fadhila.
Ukuta wataka hela;
ule bado nadaiwa."