Mlango wa Pili

Nilikabidhiwa kalamu, barakoa mbili na orodha,
na agizo moja la manispaa:
mlango mmoja, kaya moja, mfuko mmoja.
Usihesabu vichwa, Ligaya, alisema katibu,
vichwa huzaana usiku. Hesabu milango.

Ndani ya mfuko, mchele kilo tatu,
samaki wa kopo, makopo manne,
tambi pakiti sita, kahawa ya kukoroga,
na nje ya mfuko sura ya meya
akicheka, meno yote yapo.

Navotas ilikuwa imefungwa kama hayo makopo.
Polisi kwenye kona ya soko wanakagua vibali:
nyumba moja kibali kimoja, kibali kimoja mtu mmoja,
na bandari ya samaki, ambayo tangu nizaliwe
haijawahi kufunga mdomo,
ilinyamaza hadi tukasikia maji yake.

Kwa Teodula Magbanua nilibisha kwa kalamu.
Mlango mmoja, wa mbao nyembamba.
Nyuma yake nikaona majiko matatu:
moja lake na mumewe Rodelio, seremala asiye na pa kupigia msumari;
moja la binti yake, mkwe na watoto wanne;
la tatu, karibu na choo, la mpangaji, Wilma,
wanawe wawili na wa tatu tumboni,
mumewe amekwama melini
nje ya bandari ya nchi isiyotaka ashuke.
Watu kumi na mmoja.

Nikaandika: moja.

Teodula hakunitukana. Heri angenitukana.
Aliniuliza tu,
"Hiyo moja yako, mwanangu, inakula mara ngapi?"

Akachukua kopo tupu, akapima mchele mbele yangu,
kopo huku, kopo kule,
na kopo la Wilma halikujaa,
akaligongagonga kwa kijiko
mpaka mchele ukainuka kidogo kwa aibu.

Usiku wa kuamkia mgao wa pili
mtaa mzima ulisikia msumeno.
Ilikuwa saa za kutotoka nje.
Hakuna aliyechungulia, hakuna aliyempigia mtu simu.
Mbwa mmoja alibweka mara mbili, akaacha.

Asubuhi nyumba ya Magbanua ina milango mitatu.
Wa pili una bawaba za kabati.
Wa tatu si mlango, ni tundu na shuka la maua,
na namba zimeandikwa kwa rangi ya kucha:
41, 41A, 41B, ya mwisho bado mbichi.
Rodelio kasimama kando, unga wa mbao kwenye kope,
anatazama viatu vyangu.

Nikabisha wa kwanza. Teodula, "Habari za asubuhi."
Nikabisha wa pili. Binti yake akaniuliza jina
kana kwamba hatukusoma darasa moja.
Kwa shuka sikujua nibishe wapi.
Nikakohoa. Wilma akafunua, "Karibu,"
na nyuma yake chumba kilekile, ukuta uleule,
feni ileile ikigeuza shingo
kututazama kwa zamu.

Nikaandika: moja.
Nikaandika: moja.
Nikaandika: moja.
Mkono ulitetemeka kwenye ile ya tatu, sikatai.

Mwisho wa mwezi katibu alinyanyua orodha kwenye mwanga.
Mtaa wako umeongezeka milango kumi na tisa, Ligaya.
Nikamwambia, milango nayo huzaana usiku.
Alinitazama kitambo. Akagonga muhuri.
Baadaye nilisikia kwao wako tisa.

Ugonjwa ulipopungua mifuko ilikoma,
lakini ukuta haukurudi.
Mvua za Julai zikaingia kwa Wilma bila kubisha,
naye, mtoto mgongoni, akaishona mifuko mitupu
akaitundika pale shuka lilipokuwa.

Ukipita leo utawaona mameya sita
wamening'inia 41B, wanacheka,
maji yakiwachuruzika menoni.