Nyongeza

Mimi nauza viungo Kariakoo, kona ya Mkunguni.
Gramu nazijua.
Najua iliki ilivyo nyepesi na bei yake ilivyo nzito.
Mteja akipunjwa, kiganja changu hujua kabla ya mizani.

Wakamweka juu ya mizani yao:
mia tisa na ishirini.
Pakiti ya sukari inamzidi.

"Njiti," wakaandika kwenye faili.
Mguuni plasta, na juu ya plasta kalamu ya wino:
Mtoto wa Sikudhani.
Sikudhani ndiye mimi. Mama yangu naye hakudhani.

Siku ya tatu akageuka manjano.
Wakamlaza chini ya taa ya buluu, macho wameyafunika,
mikono kaitupa huku na huku
kama mtalii anayeota jua Kigamboni.
Nilicheka. Mshono ukaniuma, nikacheka tena.

Siku ya sita akasahau kupumua.
Akasahau tu, kama mtu anavyosahau chungu jikoni.
Mashine ikalia. Sista Tumpale akamgonga unyayo kwa kidole,
mara mbili, kama anayebisha hodi:
"Wee bibi, tulikubaliana nini?"
Akakumbuka.
Mimi ndiye niliyechelewa.

Kila baada ya saa tatu nakamua kwenye kikombe.
Mililita nane. Natembea nazo koridoni kwa mikono miwili
kama nimeazimwa yai la mtu.
Zinashuka kwenye mpira wa puani, tone, na tone, na
akaongeza gramu kumi na tano!
Karafuu za pilau la watu wengi hizo.
Nikampigia Hamduni. Hamduni akamwambia bosi wake,
bosi akamwambia mlinzi wa getini.

Kesho yake tumbo likavimba, likang'aa kama ngozi ya ngoma.
"Maziwa tusimamishe," daktari akasema, bila kuniangalia.
Kumi na tano zikaondoka,
zikaondoka na arobaini nyingine.
Kikombe nilikimwaga kwenye sinki
na bado saa tatu zikitimu kifua kililowa,
hakijaambiwa.

Mama mkwe akapiga simu kutoka Mbagala:
"Wa miezi saba hupona, mwanangu. Wa minane ndiye wa kuogopwa."
Nikahesabu kwa vidole. Wiki ishirini na nane.
Sikuamini, lakini nilihesabu mara ya pili.

Asubuhi moja inkubeta ya dirishani ilikuwa tupu, imefutwa.
Grolia alikunja khanga zake, zote nne, pole pole,
akaniachia chupa ya chai.
Hatukusemeshana.
Chai niliinywa. Mnisamehe,
nilikuwa na kiu, na daktari alikuwa amesema
leo tujaribu tena, mililita moja.

Sokoni mteja akishalipa hunyoosha tena mkono:
"Na nyongeza?"
Mimi huguna kwanza, ndiyo desturi,
halafu hudondosha punje tatu za pilipili manga.
Hazinifilisi.

Basi usiku, nimemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi,
umeme umekatika na jenereta bado inakohoa,
nanyoosha mkono gizani.
Sijui kama nimelipa. Sijui hata bei.
Na nyongeza, nasema.
Gunia lako kubwa, Mola, na mimi naomba punje.

Leo alfajiri: mia tisa na tano.
Hajafika hata pale alipoanzia.
Sista Tumpale anaandika, anapiga mstari chini, hasemi kitu.
Nikamrudisha kifuani, pua yake ikagusa shingo yangu
ambako sabuni ya hospitali, wiki tatu sasa,
imeshindwa kuutoa uzile,
akapiga chafya.
Ndogo. Ya hasira.
Kama ya mtu anayepita mbele ya meza yangu
siku ninayotwanga pilipili.